Dodoma au Morogoro: Chaguo la Pili Nalo ni Chaguo

Kila mwaka, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya Kidato cha Sita, huanza msimu wa swali moja ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini na vijana huliuliza kwa haya: nikikosa Mlimani, niende wapi? Swali lenyewe halina ubaya. Ubaya umo katika namna tunavyolijibu. Chuo cha kwanza huchaguliwa kwa vikao vya ukoo, kwa simu kwa mjomba aliyewahi kusoma, pengine na kwa dua. Chuo cha pili hujazwa dakika za mwisho, steshenari, foleni ikiwa ndefu na umeme ukitishia kukatika. Na wakati mwingine anayekipendekeza ni kijana anayejaza fomu kwenye kompyuta, ambaye shughuli yake hasa ni kuimaliza foleni.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba chaguo la pili linastahili kufikiriwa kwa uzito uleule wa la kwanza, na kwa waombaji wengi kwa uzito zaidi, maana hilo ndilo watakaloliishi. Nafasi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika fani zinazogombewa ni chache, wenye sifa ni wengi, na pengo hilo halizibwi na matumaini. Wahenga walituambia kwamba akiba haiozi. Walikuwa wakizungumza juu ya ghala, na kila mkulima anajua kuwa hata nafaka ya ghalani huharibika isipokaguliwa.

Nitaizungumzia miji miwili ambayo majina yake huja pamoja kila swali hili linapoulizwa: Dodoma na Morogoro. Nitangulize kusema kwamba sifundishi katika mji wowote kati ya hii miwili, wala sikusoma huko. Nawafundisha vijana ambao wengi wao waliikosa ama hii ama ile, na nasikia wanavyosimulia.

Kwanza utaratibu, kwa sababu wengi hujikwaa hapa. Kati ya mwaka 2010 na 2016 mwombaji alipitia mfumo mmoja wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, akapanga machaguo yake kwa mfuatano, na mfumo ukampangia chuo. Tangu mwaka 2017 utaratibu huo umeachwa. Sasa mwombaji huomba moja kwa moja katika kila chuo akitakacho, hulipia kila ombi, na anaweza kukubaliwa na vyuo viwili au vitatu kwa mkupuo. Aliyekubaliwa na zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu ya siri, na kwa namba hiyo huthibitisha chuo kimoja kabla ya siku iliyotajwa. Tazama basi jinsi mambo yalivyogeuka. Zamani kompyuta iliamua kati ya Dodoma na Morogoro. Leo anaamua kijana wa miaka 19 au 20, katika siku chache, akiwa na ujumbe wa simu mkononi na watu kumi wanaomshauri. Na yule aliyeomba Mlimani peke yake, akasubiri kukataliwa ndipo aanze kutafuta akiba, ataingia awamu ya pili, ambako hugawanywa zile nafasi zilizobakizwa na wenzake. Akiba huwekwa kabla ya njaa. Ombi la Dodoma na la Morogoro yatumwe siku ileile linapotumwa la Mlimani.

Tumchukue binti mmoja wa kufikirika kutoka Tabora. Amesoma HGL, amepata daraja la kwanza, anataka kusoma sheria. Baba yake ni fundi cherehani. Ameomba Mlimani, ameomba Mzumbe, ameomba Chuo Kikuu cha Dodoma. Mlimani wamemkosesha nafasi. Mzumbe na UDOM wamempokea wote wawili, na namba ya siri imeingia kwenye simu ya mama.

Binti huyu akisafiri kwa Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, hupita Dodoma kwanza, kisha Morogoro, ndipo afike Dar es Salaam. Katika ramani iliyomo vichwani mwetu, hata hivyo, safari imegeuzwa: Dar es Salaam ndiyo shina, na vituo vingine vyote ni mahali pa kuteremkia waliokosa nauli ya kufika mwisho. Ramani hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Chuo chetu kikuu cha kwanza kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, na kwa miaka 23 hapakuwa na chuo kikuu kingine Tanzania, hadi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipoanzishwa Morogoro mwaka 1984. Walio babu na bibi leo walikulia katika nchi ambamo maneno "chuo kikuu" na "Mlimani" yalikuwa na maana moja. Ndiyo maana bado utamsikia mzee akisema kwa masikitiko kwamba mjukuu wake "amekosa chuo", ilhali mjukuu mwenyewe yumo katika basi la Dodoma na barua ya udahili ipo mfukoni.

Sasa fedha, kwa sababu mtoto wa fundi cherehani hana budi kuanzia hapo. Bodi ya Mikopo hutoa hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi; kabla ya mwaka wa masomo 2022/23 kiwango kilikuwa shilingi 8,500. Bumu hilo, kama wanafunzi wanavyoliita, haliulizi uko mji gani. Kwa Bodi, shilingi 10,000 ya Sinza na shilingi 10,000 ya kijijini Changarawe, jirani na Mzumbe, ni kitu kimoja. Kwa mama ntilie si kitu kimoja hata kidogo. Mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyekosa kitanda chuoni, na wapo tele licha ya zile hosteli za vitanda 3,840 zilizofunguliwa Mlimani mwaka 2017, hugawa bumu lake kati ya mwenye nyumba, daladala na sahani ya wali, na sahani ndiyo inayopunguzwa. Kwa hiyo, kabla hatujaanza kulinganisha heshima ya majina, tukubali kwamba kwa mkopo uleule mji wa pili unaweza kumlisha mtoto wa maskini vizuri kuliko ule wa kwanza.

Lakini miji yenyewe miwili haifanani. Morogoro iko chini ya milima ya Uluguru, na mboga na matunda yanayoteremka kutoka milimani huifanya sahani iwe nafuu. Dodoma ni nchi kame, yenye msimu mmoja wa mvua, na sehemu kubwa ya maji yake huvutwa kutoka visima vya Mzakwe. Tena Dodoma imekuwa kwa kasi ambayo hakuna bomba wala barabara iliyoweza kuifuata. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu takriban 411,000; ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Katikati ya sensa hizo mbili Serikali ilihamia huko, na pamoja nayo wakahamia watumishi wenye mishahara, wanaogombea vyumba vilevile na mwanafunzi. Mwenye nyumba anayeweza kumpangisha afisa wa wizara hana sababu ya kumpangisha mwanachuo, labda awe na moyo wa imani.

Hapa binti wetu anapaswa kujua jambo ambalo majina ya miji huficha. Anayechagua Dodoma au Morogoro kwa sababu ya sheria hapati mji. UDOM ilianzishwa mwaka 2007 nje ya mji, upande wa mashariki, katika eneo la Chimwaga, kwenye ardhi ya maelfu ya hekta, na ndaki zake zimetawanyika hivi kwamba kutoka moja hadi nyingine kwa miguu ni safari. Mzumbe nayo haimo mjini Morogoro. Imo mashambani, kandokando ya njia ya kwenda Iringa. Aliye mjini hasa ni SUA, ambako hakuna sheria. Jambo hili lina faida na hasara. Faida yake ni kwamba vyuo vyote viwili vililazimika kujenga mabweni, na UDOM hususan ilikusudiwa tangu mwanzo kuwalaza wanafunzi wake humohumo. Hasara yake ni upweke. Chuo kilichozungukwa na pori kina maktaba, kina ukumbi wa mihadhara, kina baa moja au mbili, hakina mtaa. Na mwanasheria asiyeujua mtaa huishia kuvijua vifungu tu.

Naongeza tahadhari ndogo. Mzumbe ina kampasi Mbeya pia, na sheria hufundishwa huko vilevile. Mwombaji asome vizuri kabla ya kuthibitisha. Nimewahi kumsikia kijana aliyejiandaa kwa Morogoro akagundua kwamba karatasi yake inasema Mbeya.

Ipo hoja ambayo wengi huiweka mbele: Dodoma ndiko yaliko madaraka. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka 1973, ukalala kwa zaidi ya miaka 40, ukaamshwa Julai 2016, na mwaka 2018 ukawekewa sheria. Bunge liko huko, wizara ziko Mtumba, Mahakama nayo imehamishia makao makuu yake huko, na Sekretarieti ya Ajira imo ndani ya majengo ya UDOM kwenyewe. Wahitimu wa nchi nzima hukopa nauli kwenda Dodoma kufanya usaili; wa UDOM huenda kwa miguu. Hii si faida ya kubezwa.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba kuwa karibu na madaraka ni sawa na kuyafikia. Mgeni akiketi katika jukwaa la wageni bungeni wakati wa kikao cha bajeti, atasikia Spika akitambulisha makundi ya wanachuo. Husimama, hupungiwa mkono, huketi, na baadaye basi huwarudisha Chimwaga. Na Serikali ilipohamia Dodoma kwa haraka, ilihamia hasa ndani ya chuo. Kwa muda fulani anuani rasmi ya Wizara ya Elimu ilikuwa Chuo Kikuu cha Dodoma, Ndaki ya Biashara na Sheria, jengo namba 10. Naomba msomaji aisome anuani hiyo tena polepole. Wizara yenye dhamana ya kujenga madarasa ilikuwa imekaa katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi wa sheria. Sikuwahi kusikia mhadhiri hata mmoja akilihoji jambo hilo hadharani, na sisemi hivyo kwa kuwanyooshea kidole wenzangu wa Dodoma tu.

Mlimani ya zamani ilikuwa karibu na madaraka kwa namna nyingine. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300 siku ileile. Machi 1978 waliandamana tena, safari hii dhidi ya nyongeza za maslahi ya wabunge na viongozi, wakafukuzwa tena. Mtu anaweza kuwaona walikosea mara ya kwanza na walikuwa sahihi mara ya pili, kama ninavyowaona mimi, lakini hakuna anayeweza kusema hawakusikika. Walikuwa ndani ya jiji. Njia ya kwenda Ikulu ilipita katikati ya watu.

Dodoma inalo tukio lake, nalo mwombaji wa leo, ambaye wakati ule alikuwa shule ya msingi, hana budi kulijua. Mwishoni mwa Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kuondoka chuoni katika muda wa saa 24. Walikuwa vijana wa Kidato cha Nne walioitwa na Serikali yenyewe kuja kusomea ualimu. Masomo yalikuwa yamesimama kwa sababu ya mgogoro wa malipo kati ya waliokuwa wakiwafundisha na waajiri wao. Jambo hilo lilizua zogo bungeni, kilomita chache kutoka mabweni waliyofukuzwa. Baadaye baadhi yao walipangiwa vyuo vya ualimu na wengine wakaambiwa hawana sifa. Sitaki kuufufua ubishi wa nani alikuwa na sifa. Ninachotaka ni kumwomba mzazi afikirie usiku ule: maelfu ya vijana, masanduku, kituo cha mabasi, mabasi yasiyotosha, na simu zinazozimika chaji. Waliokuwa na shangazi Dodoma walilala kwa shangazi. Katika nchi ambamo amri ya namna hiyo inawezekana, swali la "tuna nani katika mji ule?" si la kishamba. Linapaswa kuulizwa kabla ya lile la chuo kipi kina jina.

Morogoro inanivuta kwa sababu nyingine kabisa, na nitaomba radhi kwa kukawia kidogo hapa. Mji huu umewahi kuwa akiba ya taifa zima, na taifa hilo si letu. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa wa mashauriano Morogoro mwaka 1969, kikiwa uhamishoni. Baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi mwaka 1976, maelfu ya vijana walivuka mipaka wakiwa wameacha shule katikati. Tanzania ikatoa shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, na juu yake likajengwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kilichopewa jina la kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Hawakuichagua Morogoro, hakuna mtoto wa Soweto aliyelala akiota Morogoro. Walipewa Morogoro, wakajenga madarasa, mabweni, mashamba na karakana, wakasoma, na wengine wakazikwa hapo. Mwaka 1992 walipokuwa wakirejea kwao, waliyakabidhi majengo hayo kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya SUA, na wanafunzi wetu wanasoma katika vyumba hivyo, wengi wao wakiona Mazimbu kuwa ni mahali pa mbali na katikati ya mji, basi.

Ninapomsikia kijana akinung'unika kwamba "ametupwa" Morogoro, huwa natamani apelekwe kwanza kwenye makaburi ya Mazimbu.

SUA yenyewe ni mfano wa chaguo la pili lililodharauliwa pasipo haki. Kila mwaka hupokea vijana waliokosa udaktari wa binadamu wakaangukia udaktari wa mifugo, misitu au kilimo, na mwaka wa kwanza huupitisha wakiomboleza. Katika chuo hichohicho ndimo panya buku hufundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa na kufundishwa Morogoro, akafanya kazi Cambodia na kutunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020. Panya huyo sijui kama aliwahi kuomba Mlimani. Kwa anayetaka kilimo, mifugo au misitu, suala la Dodoma au Morogoro halipo kabisa. Aende SUA, tena aiweke ya kwanza.

Mzumbe nayo ina asili inayopasa kuthaminiwa. Ilianza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa enzi za Mwingereza, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, kisha chuo kikuu mwaka 2001. Maana yake ni kwamba kwa miongo mingi maafisa utumishi, wahasibu na makatibu tawala wa nchi hii wamepita pale. Ingia halmashauri yoyote, uliza afisa utumishi alisoma wapi, na uwezekano wa kusikia jina hilo ni mkubwa. Mwanafunzi anayetaka utawala wa umma atakuta huko mapokeo ya ufundishaji na mtandao wa waliomtangulia ambao chuo cha mwaka 2007 hakijapata muda wa kuufuma. Kwa fani hiyo, mimi ningechagua Mzumbe dhidi ya Dodoma, na kama kijana ana moyo wa kazi za halmashauri, ningeichagua hata dhidi ya Mlimani.

Lakini binti wetu anataka sheria, na anatoka Tabora. Nampa Dodoma. Si kwa sababu ya fahari ya makao makuu. Ni karibu na kwao kwa safari yenye maana anapougua au anapofiwa. Ana matumaini makubwa zaidi ya kupata kitanda ndani ya chuo, na kwa msichana wa mwaka wa kwanza kitanda cha ndani ya uzio kina thamani isiyoandikwa katika viwango vya ubora wa vyuo. Chumba cha kupanga chenye mlango wa kufuli moja, na njia ya giza kati yake na maktaba, vimekwisha kuwakatisha masomo wasichana ambao mitihani haikuwashinda. Na Dodoma ndiko miswada inakojadiliwa. Kamati za Bunge huwaita wadau kutoa maoni, na mwanafunzi wa sheria anayepanda daladala mara moja kwa mwezi kwenda kusikiliza, akiwa na muswada mkononi badala ya kusubiri kutambulishwa na kupungiwa mkono, atajifunza kuhusu utungaji wa sheria mambo ambayo mimi siwezi kumfundisha kwa ubao. Sharti langu ndilo hilo: apande daladala. Asipotoka Chimwaga kwa miaka yake yote ya masomo, basi ingekuwa heri angekwenda Mzumbe akala embe.

Angekuwa ametoka Kilosa, au ana dada mkubwa Kihonda, ningemwambia Morogoro bila kusita. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 inatumia muda usiofika saa mbili, na nauli ya kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 13,000. Ya Dodoma ilitangazwa kuwa 31,000. Kwa mwanafunzi mwenye jamaa Dar es Salaam tofauti hiyo ya shilingi 18,000 kila safari ndiyo inayoamua kama atakuwa akienda kwao mara mbili kwa muhula au mara moja kwa mwaka.

Msomaji ataona kwamba katika yote haya sijagusa orodha za kimataifa za ubora wa vyuo. Orodha hizo huhesabu machapisho yetu sisi wahadhiri. Hazijawahi kuhesabu vitanda.

Na hapa nawageukia watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, kwa kuwa najua wapo. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu huchapisha mwongozo wa udahili. Ni kazi nzuri: kila programu imeandikwa sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na muda wa masomo. Ongezeni safu moja. Andikeni chuo kina vitanda vingapi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wavulana na wasichana, na kampasi husika iko wapi hasa. Vyuo vinazo takwimu hizo. Bwana bweni wa kila chuo anazijua kwa kichwa. Wenzenu wa Bodi ya Mikopo nao waeleze kwa nini siku ya mwanafunzi wa Dar es Salaam, wa Dodoma na wa Changarawe inagharimu sawasawa, au wakiri kwamba haigharimu sawa na waanze kupanga viwango kwa kufuata miji. Kupandisha kutoka 8,500 hadi 10,000 kulikuwa jambo jema, ila kuliipandisha tofauti iliyokuwapo, hakukuiondoa.

Mpaka safu hiyo itakapoandikwa, mwombaji mwenye namba ya siri mkononi asiithibitishe usiku wa leo. Asubuhi apige simu ofisi ya mshauri wa wanafunzi ya kila chuo, Dodoma na Mzumbe, aulize mambo matatu: mwaka jana wangapi wa mwaka wa kwanza walikosa kitanda, waliokosa walipanga wapi, na kwa shilingi ngapi. Jina la aliyemjibu aliandike. Chuo kitakachomwambia "njoo kwanza, utaona ukifika" kitakuwa nacho kimeshajibu.